Mkalimani Asiyependelea Upande

Mimi ndiye mkalimani bora wa mahakama hapa Garissa, na sisemi hivi kwa kujisifu. Haki naiheshimu kuliko tumbo langu. Chai ya mdai sinywi, ya mdaiwa siionji, na hata abti yangu, kaka wa mama, akishtakiwa, nitamtafsiria kama mtu baki.

Juzi nyanya mmoja mwenye shamba kando ya Tana alimshtaki kijana Abdi kwamba ngamia wake wamemaliza migomba. Nyanya alieleza kwa Kisomali, nami nikamtafsiria hakimu, ambaye ni mgeni huku. Kila nyanya alipovuta pumzi nilimwitikia, "Waa run." Kwetu mzee akizungumza humkodolei macho kama mbuzi. Unamwitikia, maneno yake yasije yakapoa.

Zamu ya Abdi ikafika. Yeye ni mdogo wangu kwa umri, kwa hiyo nilimsikiliza kimya. Alisema kidogo, akanitazama, kisha akamgeukia hakimu na kulalamika kwa Kisomali.

"Anasemaje?" hakimu akaniuliza.

Ningeweza kuficha. Lakini niliapa kutafsiri kila neno, na kiapo mimi sivunji. Nikanyoosha tai, nikatoa Kiswahili changu safi kabisa.

"Mheshimiwa, anasema kesi imeshaamuliwa. Anasema tangu asubuhi mkalimani anamwambia nyanya, 'Ni kweli, ni kweli,' na yeye hajaambiwa hata mara moja."

Hakimu akavua miwani. "Na ni kweli ulisema hivyo?"

"Waa run," nikajibu.