Jiwe la Mpaka Lililokuwa Goli

Asubuhi Mwalimu alipokuja na fundi na kamba, mimi nilikuwa natafuta soksi. Ninalisema hili mapema ili ijulikane kwamba siku hiyo sikuwa nimefanya kosa lolote. Makosa yangu yalikuwa ya zamani.

Mwalimu ni jirani yetu, amestaafu. Alinifundisha primaire, shule ya msingi, na mpaka leo tukikutana njiani anatazama kwanza kucha zangu, halafu ndiyo uso. Alikuwa ameshusha matofali ya kuchoma mbele ya nyumba yake, anataka kujenga ukuta kati yake na Koko. Koko ni nyanya yangu, mama ya mama, na mimi ninakaa kwake hapa Rwambuzi tangu nikiwa wa kubebwa. Jiko lake ni nyumba ndogo ya udongo na bati, iko kwenye kona ya nyuma ya parsele, yaani kiwanja chetu, karibu kabisa na mpaka. Humo ndimo anakaanga mandazi kila asubuhi, na nusu ya wanafunzi wa mtaa wanaingia darasani na mafuta ya Koko kwenye vidole. Shati langu jeupe la shule limetoka kwenye sufuria ile.

Fundi alifunga kamba kwenye kijiti, akavuta, akafika kwenye ukuta wa jiko, akasimama. Kamba ilitaka kupita mahali palipo na unga.

"Mama," Mwalimu akasema, "nimepima kwangu. Huku nyuma inapungua. Hii jiko yako imeingia kwangu."

Koko hakuinua macho kutoka kwenye mafuta. "Mwalimu, unakula mandazi yangu miaka ngapi? Leo ndiyo unaona jiko?"

"Mandazi ni mandazi. Mupaka ni mupaka."

"Mupaka ndiyo ile." Akaonyesha kwa kijiko. "Borne iko pale. Serikali iliweka, muzee wangu akiwa anaangalia. Hakuna mutu aligusa ile jiwe. Leta Biblia nishike."

Nikaacha kutafuta soksi.

Borne ni jiwe la mpaka. Lile letu ni la saruji, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, na kichwa kidogo kinachochungulia juu ya udongo. Nyuma ya parsele zetu kuna uwanja mtupu ambapo watoto wote wa mtaa wanacheza mpira. Nilipokuwa na miaka nane tulikuwa na shida ya goli: upande mmoja kulikuwa na mpera, upande wa pili tuliweka kiatu, na golikipa alikuwa anasukuma kiatu kila mara tukigeuka. Tulihitaji kitu ambacho hakisukumwi. Mimi na marafiki wawili tukalitikisa lile jiwe kama jino la mtoto, mbele, nyuma, mpaka likatoka.

Tulicheza nalo siku mbili. Kisha mvua ikanyesha, na nikasikia sauti ya Koko anarudi kutoka sokoni. Nikakimbia kulirudisha. Shida ni kwamba shimo halikuwepo tena. Mvua ilikuwa imelijaza udongo, na kuku walikuwa wamemalizia kazi. Nikachagua mahali kwa jicho, nikachimba kwa kifuniko cha sufuria, nikalisimamisha, nikakanyagia kwa kisigino. Jicho la miaka nane halina diploma ya upimaji.

Mwaka uliofuata Koko akajenga jiko. Fundi alifuata jiwe. Aliyeshika kamba upande wa pili ni mimi, kwa sura ya mtoto mzuri.

Kwa hiyo asubuhi ile, Koko alipotaja Biblia, kulikuwa na swali moja tu kichwani mwangu. Kwamba nilikuwa mwizi, hilo nilijua. Sikujua nimemwibia nani. Nililisogeza jiwe kwa Mwalimu, au nililisogeza kwetu na kumpokonya nyanya yangu mwenyewe? Swali hilo lilinikamata kuliko hata woga.

Koko alimkaribisha Mwalimu akae, akampa chai na mandazi mawili, kwa sababu hata adui wa mpaka hanyimwi chai. Kisha akanituma chini ya kitanda kuleta valizi, lile sanduku la marehemu babu. Ndani kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi za kodi ya parsele, zimekunjwa mpaka zimekuwa laini kama kitambaa.

"Soma. Weye unajua Kifaransa."

Nikasoma. Urefu, vingt-cinq, ishirini na tano. Upana, dix-huit, kumi na nane.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Dix-huit?"

"Dix-huit."

Aligeuka akaanza kupima kwa macho kutoka upande wa pili wa parsele, mita kumi na nane, na nikaona macho yake yanaishia katikati ya sufuria ya mafuta. Hata yeye hakuwa ameomba yote hayo. Nusu ya jiko ilikuwa nje.

"Soma tena," Koko akasema.

"Koko, nikisoma tena itabaki dix-huit."

Akaichukua ile karatasi, akaiangalia mahali penye sahihi ya babu, akatikisa kichwa polepole. "Muzee yule."

"Amefanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Watu wa kodi walikuja kuuliza parsele ni kubwa namna gani. Mwenye parsele ndiyo anajibu. Wakamwambia apime kwa miguu." Akairudisha karatasi kwenye mfuko. "Siku ile alikuwa na hatua ndefu, kodi ikawa fupi."

Mwalimu alijaribu kutocheka, akashindwa, chai ikampitia puani. Nami nikajifunza jambo ambalo shuleni hawafundishi: kuna karatasi ya mdomo na karatasi ya kanda ya kupimia. Ya kodi ilikuwa ya mdomo wa babu. Ya kanda ilikuwa kwenye kadastre, ofisi inayotunza vipimo vya viwanja vyote, na Koko hakuwa ameiona tangu serikali ilipopima.

"Basi twende tuone ile ya kadastre," Mwalimu akasema. "Ikisema dix-huit, jiko inatoka."

"Na ikisema vingt, makumi mbili?"

"Ikisema vingt, nakunja kamba yangu."

Tukaenda watatu. Koko alipanda pikipiki na mwavuli wake umesimama kama anakwenda harusi, mimi na Mwalimu tukatembea kwa miguu. Njia nzima aliniuliza wingi wa maneno ya Kifaransa.

Mhifadhi wa dosiye, yaani mafaili, alikuwa mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliuliza jina la avenue, yaani barabara yetu. Tukamwambia. Akaenda nyuma kwenye makabati, akarudi mikono mitupu.

"Hiyo ni jina ya juzi. Zamani iliitwa nani?"

Hapo ndipo wazee wangu wawili walipoanza kugombana. Koko alitaja jina moja, Mwalimu akataja lingine, kila mmoja akidai amefika mtaani kabla ya mwenzake. Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu wakaanza kuchagua upande. Mwishowe yule mama akagonga meza kwa kalamu.

"Muache avenue. Nani aliwauzia?"

Koko akamtaja mfugaji mmoja wa ng'ombe aliyehama zamani. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa mumesema neno. Parsele inabadilisha bwana, dosiye haibadilishi kabati."

Alirudi na folda yenye vumbi la kutosha kupanda viazi. Mwalimu alipiga chafya tatu. Ndani kulikuwa na karatasi ya mauzo, barua, stempu za rangi ya zambarau, na chini kabisa mchoro. Niliinama mpaka pua ikaugusa. Siku zote nilidhani mwalimu wetu wa jiometri anavumbua zile pembe kwa ajili ya kututesa. Kumbe kuna mtu alikuja mpaka kwetu na chombo, akatuchora: mistari minne, mawe manne, na kila jiwe lina namba. Upande wa kushoto lilikuwa jina la Mwalimu, kijana bado. Upande wa kulia jina la jirani yetu mwingine, ambaye ukuta wa choo chake umelimeza jiwe la pili, halitoki pale mpaka mwisho wa dunia.

Na nyuma, mahali pa uwanja wetu wa mpira, palikuwa na mistari miwili ya vidoti na maneno madogo: avenue iliyopangwa.

"Hii ni barabara?" nikauliza.

"Kwenye karatasi, ndiyo," mama akasema.

Miaka yote hiyo tumekuwa tukifunga magoli katikati ya barabara, na hakuna gari lililowahi kulalamika. Nikahisi kama mtu aliyeonyeshwa mji mwingine umelala chini ya mji wake. Nikamwuliza kama anaweza kunionyesha na ya shule yetu.

"Uko na parsele kule?"

"Niko na benchi."

"Benchi haiandikishwi hapa," akasema, akafunika kabati kwa mgongo wake.

Koko alikuwa amesubiri vya kutosha. "Upana, mama. Upana ni ngapi?"

"Vingt mètres. Mbele vingt, nyuma vingt."

"Ukisoma tena itabaki vingt?"

"Itabaki vingt."

Koko alicheza kwa mabega tu, kidogo, akiwa amekaa kwenye kiti. Mwalimu alikaza tai yake. "Basi," akasema. "Kanda ya fundi wangu itakuwa ilinidanganya. Jiwe iko mahali yake, nitalifuata."

Na hapo mambo yote yangeisha. Karatasi ilisema ishirini, serikali iliweka jiwe kwenye ishirini, hakuna mtu aliyeligusa. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hesabu hiyo ina tundu.

Mchana huo, Koko alipolala, nilichukua kanda yake ya kupimia nguo. Ina mita moja na nusu. Nilianzia kwenye ukuta wa choo cha jirani wa kulia, nikaenda kwa magoti, kuku wananifuata wakidhani natafuta wadudu. Mara kumi na tatu kamili, kisha mita moja na sentimita kumi. Nikafanya hesabu kwenye mkono kwa kalamu. Mita ishirini na sentimita sitini.

Nikarudia. Ikabaki ileile.

Kutoka jiwe mpaka ukuta wa jiko ni shibiri moja. Maana yake, karibu sentimita arobaini za jiko la Koko zilikuwa zimesimama kwa Mwalimu. Kwanza, nitasema ukweli, nilifurahi. Swali langu la miaka yote lilikuwa limepata jibu, tena jibu lenye sentimita. Furaha ilidumu mpaka jioni, Mwalimu alipoingia uani na mkungu wa ndizi mabegani.

"Mama, unisamehe," akamwambia Koko. "Nilisema jiko yako ni ya wizi. Muzee mzima, nimesema bila kujua."

"Imepita," Koko akajibu, mkubwa kama malkia. "Nilikuambia. Hakuna mutu aligusa ile jiwe."

Ndizi zile zilikuwa tamu, na mimi yangu nikaiacha nusu. Mwalimu alipoondoka nikamfuata Koko jikoni. Alikuwa anakanda unga wa kesho.

"Koko, ile jiwe niliigusa."

"Uliigusa namna gani?"

"Na mikono miwili."

Nikamweleza yote: mpera, kiatu, mvua, kifuniko cha sufuria, sentimita sitini. Mikono yake ilisimama ndani ya unga. Nilitegemea mwiko. Badala yake akauliza, "Ulifunga ngapi?"

"Tatu."

"Basi kila goli ilikula Mwalimu sentimita makumi mbili." Akajipangusa mikono. "Kwenda muite Mwalimu. Na useme weye, mimi sitakusemea."

Nikasema mimi. Mwalimu alileta kanda ya chuma ya fundi, akapima mwenyewe, akavaa miwani, akapima tena. Ishirini na sitini. Kisha akatazama kucha zangu, zilikuwa na udongo wa upimaji wa mchana.

"Mama, jiko ibaki," akasema. "Ni kidogo. Nitakunja ukuta wangu hapa, uzunguke."

"Hapana."

"Mama, mimi ndiye ninasema."

"Ukuta uliokunjwa, wajukuu wako watauliza kwa nini. Weye na mimi tutakuwa tumekufa. Huyu ndiye atawajibu." Akaninyooshea kidole chenye unga. "Unamwamini?"

Mwalimu alinitazama, akafikiri, akasema kwa kweli hapana.

Kwa hiyo likizo yangu ya Pasaka niliimaliza nikikanyaga udongo kwa miguu. Tulibomoa ukuta ule mmoja wa jiko na kuusimamisha ndani ya mpaka. Mwalimu alileta maji kwa ndoo kutoka kwake, na kila ndoo ilikuja na swali moja la sarufi. Jiwe tulilirudisha kwa kanda ya chuma, safari hii na saruji chini, yeye upande mmoja na Koko upande mwingine, mimi nikiwa nimekatazwa kulikaribia. Jiko sasa ni jembamba. Koko anafikia unga na mafuta bila kuinuka, na anasema kama angejua angelibana zamani. Kilichopotea ni kona nilipokuwa naweka kiti changu kula andazi la kwanza. Sasa ninalila nje, nimesimama, karibu na jiwe.

Mwezi uliofuata ikaja karatasi mpya ya kodi ya kujaza. Koko akaiweka mbele yangu na kalamu.

"Upana?" nikauliza, kama silijui jibu lake.

"Vingt."

"Babu alisema dix-huit."

"Babu yako alikuwa na miguu. Siye tuko na kanda."

Nikaandika 20. Akavuta karatasi karibu, akaitazama, akanirudishia.

"Andika na kwa herufi," akasema. "Weye, namba unaweza kuzibeba kama ile jiwe."