Siku Niliyomwambia Mama Jirani Achangamke

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Misigiri kwenye harusi. Wakati wa kurudi, kitukuu wangu alinivuta mkono: "Bibi, changamka basi, gari linatuacha!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipokaa garini, ndugu yangu, uso uliniwaka kwa aibu ya miaka mingi.

Neno hilo nililipata shuleni, wakati wa Mwingereza. Nyumbani tulisema Kinyiramba. Kiswahili kilikuwa cha mwalimu na cha wenye maduka. Kila asubuhi, kabla ya kulima bustani ya shule, mwalimu alipita mbele ya mistari yetu akipiga makofi: "Changamkeni!" Alitueleza kwamba mchangamfu si lazima awe na mabavu, ni yule ambaye uso wake uko wazi na mikono yake haisubiri kusukumwa. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Nililipeleka nyumbani, nikawaambia mbuzi, nikawaambia kuku, nikamwambia hata mdogo wangu ambaye bado alikuwa anatambaa. Bibi alicheka mpaka akaacha kusaga. Nikavimba kichwa.

Shuleni nilikaa dawati moja na binti wa mama jirani. Tulishindana nani atalitamka kwa sauti ya mwalimu, na yeye alinishinda. Mwaka ule, kabla ya mavuno, homa ilimchukua kwa siku tatu tu. Siku ya maziko nililia sana. Baada ya hapo nikarudi kuruka kamba. Kwa mtoto, mwezi mmoja ni zamani.

Ikafika siku ya kupura uwele wetu, na majirani wakaja kama kawaida. Uwanja ulikuwa umesilibwa kwa mavi ya ng'ombe, ukakauka ukawa mgumu. Watu walisimama mistari miwili wakitazamana. Mstari huu ukishusha magongo, ule unainua, na wimbo ukiwaongoza. Makapi yaliwasha pua, na jikoni mlenda ulikuwa unachemka. Mama jirani naye alikuja, ingawa hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki kwake. Walimweka katikati ya mstari mmoja. Gongo lake lilishuka polepole, basi wimbo nao ukapunguzwa, na magongo yote yakashuka polepole pamoja na lake. Hakuna aliyetoa amri. Ndivyo desturi ilivyokuwa: penye mfiwa, yeye ndiye hushika mwendo.

Mimi nilikuwa pembeni nafagia punje. Macho yangu yaliona uvivu tu. Nikapiga makofi kama mwalimu, nikapaza sauti: "Mama, changamka!"

Magongo yakasimama. Mama jirani alinigeukia, akasema kwa upole, "Haya, mwanangu. Nachangamka."

Akaanza kupiga. Alipiga haraka, akazidi, peke yake, watu wote wamesimama, punje zikirukia nje ya uwanja na machozi yakimshuka bila sauti. Bibi ndiye aliyeingia kati, akamkumbatia na kumtoa gongo mikononi.

Sikuchapwa. Afadhali ningechapwa. Jioni bibi aliniambia tu, "Ulimi hauna mfupa, mjukuu wangu. Kesho nenda kwake."

Sikwenda. Nilianza kuzunguka njia ndefu ya kisimani ili nisipite mlangoni pake. Tukikutana, nilisema shikamoo huku nikitazama miguu yangu, naye aliitika, "Marahaba, mwanangu," kila mara, miaka yote, mpaka nikaolewa Itigi. Habari za kifo chake zilinikuta huko.

Siku hizi uwele wa Misigiri unapurwa na mashine. Inanguruma kwa mwendo wake, haimngoji mtu. Uwanja wetu umeota majani, na kwa mama jirani pamelimwa alizeti. Neno la mwalimu bado ninalo, na wajukuu wangu wamelichoka. Lakini neno alilostahili mama yule kutoka kwangu lilikuwa pole, nalo nililijua kwa Kinyiramba kabla sijaanza shule. Sikumwambia.