Alama ya Kisu kwenye Skrubu ya Gia

Tulikuwa watano siku hiyo, kwenye kibaraza cha Fundi Kombo kule Kuze. Nilikuwepo mimi Saidi, mwenye miaka kumi na mitano. Alikuwepo Mwanaisha, dada yangu wa miaka kumi na mmoja, bado kavaa sare ya shule. Alikuwepo Hamisi, kitinda mimba wetu, kakaa juu ya tairi bovu akimung'unya ubuyu hadi midomo imekuwa myekundu. Khala Zuhura, mdogo wake mama yetu, alikuja kuilinda baiskeli isiibwe huku tunaitazama. Wa tano ni Fundi Kombo mwenyewe. Nawataja wote kwa sababu katika hao watano ni wawili tu waliokuja kujua lililotokea, na mmoja wa hao wawili hayupo Kuze tena.

Kila nikisikia harufu ya mafuta yaliyochoka, yale yaliyokaanga mahamri siku tatu mfululizo, narudi kwenye kibaraza kile. Harufu ya iliki iliyoungua kidogo ndiyo iliyokuwa harufu ya baiskeli yetu, na mtasikia kwa nini.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu baba. Ilikuwa ya gia, tano nyuma, na mtaani kwetu Majengo baiskeli ya gia haikuwa kitu cha kila nyumba. Baba alifariki, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, nami nikatoka shule darasa la saba. Hakuna aliyenilazimisha. Khala alikaanga mahamri, na lazima awepo wa kuyapeleka kwenye mkahawa mmoja wa Kibokoni, kila alfajiri, kapu zima likiwa moto juu ya keria. Mwenye mkahawa alikuwa mtu mwema lakini wateja wake hawakusubiri. Alishatuambia waziwazi kwamba mahamri yakichelewa mara tatu, atachukua kwa jirani yetu. Chakula chetu, na shule ya hao wadogo wawili, vilikuwa juu ya keria ile.

Basi cheni ilipoanza kuruka, nyumba nzima ilitaharuki. Ukikanyaga kwa nguvu, pedeli ilizama ghafla kama ngazi iliyokosa kidato, na magoti yakapiga usukani. Sisi tulidhani imekauka. Na nyumba ya kukaanga mahamri ikiwa na kitu kilichokauka, inakipaka nini? Tuliipaka mafuta ya karai. Kila Ijumaa Khala aliyachuja, nami nikaimwagia cheni kijiko kizima. Kwa siku mbili iliteleza vizuri. Halafu vumbi la Majengo likaungana na mafuta, ikawa inanata kama halua, na paka wa mtaa wakawa wanakuja kuilamba.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea, karibu na Marikiti, aliiingiza baiskeli nyuma ya pazia. Ilipotoka ilikuwa inang'aa, ila cheni ya baba haikuwamo tena, tumewekewa nyingine iliyolegea kuliko ile. Khala alirudi kupiga kelele, akaambiwa ndiyo ileile, imesafishwa tu. Toka siku hiyo akawa anawasimamisha wachukuzi wa mikate njiani na kuwauliza: "Wewe mwanangu, fundi wako anafanyia kazi wapi, ndani au nje?" Wengi walicheka. Lakini watatu walimtaja mtu mmoja. Walisema Kombo wa Kuze hufanya kazi barazani, machoni pa watu, na kila chuma kikuukuu anachokitoa hukuwekea mkononi mwako, hata kama ni cha kutupa.

Fundi Kombo alikuwa mfupi, mdomo mwekundu wa tambuu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko koleo zake. Aliinama, akanusa cheni, akainua kichwa.

"Mama, hii ni baiskeli au karai?"

"Tuliipaka mafuta, fundi," Khala akasema.

"Naona. Basi leteni na chai, tule."

Mwanaisha alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mkono uliokuwa ukimwaga kijiko ulikuwa wangu.

Aliifungua cheni, akaitia kwenye kopo la mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki mpaka mafuta yale yakawa meusi. Alipoona imelegea mno, alitafuta kwenye boksi lake cheni nyingine nzima, akaivisha, na ile mbovu akanikabidhi. Kisha akaniambia niinue baiskeli kwa tandiko, gurudumu la nyuma lielee, nisitikisike. Akaanza kuzungusha pedeli kwa mkono huku akibadilisha gia moja baada ya nyingine.

"Nani anasikia?" akauliza.

Mimi nilisikia vyuma tu. Mwanaisha akasogea, akafumba macho. "Ya tatu inalia. Kama mtu anatafuna kashata."

Fundi akaacha kuzungusha. Akamtazama kama aliyeokota kitu barabarani. "Ndoo hapa, bi mdogo. Kamata kifundo hiki cha waya. Zungusha robo. Robo tu, si nusu. Je?"

"Bado inatafuna."

"Robo nyingine."

"Imemeza," akasema Mwanaisha, na watu wa kibaraza cha pili wakacheka kwa furaha.

Halafu fundi akampa bisbisi yake, yenye mpini wa mti uliolainika kwa miaka. Akamwonyesha skrubu mbili ndogo kwenye mkono wa gia, kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni. "Hizi ni milango. Huu unazuia cheni isiangukie nje. Huu wa pili unazuia isipande juu ikaingia kwenye spoki. Huo wa pili ukiuacha wazi, gurudumu linakula kila kitu." Mwanaisha akaukaza robo, ulimi nje, kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshika tandiko. Mikono ilikuwa inawaka moto. Baiskeli ilikuwa ya baba, niliyeipanda ni mimi, nami nilisimama pale kama mti wa kuanikia nguo. Fundi akanigeukia, akatema tambuu kando.

"Dada yako ana sikio. Wewe una mabega."

Kila mtu alicheka, hata Hamisi, aliyekuwa hajui anacheka nini.

Nawaambia ninyi jambo ambalo sijamwambia mtu. Wivu wangu haukuzaliwa siku ile. Ulianza asubuhi zile nilipomwona akifunga kamba za viatu vya shule. Nilimpenda. Nilikuwa tayari kukanyaga pedeli mpaka miguu ikatike ili asome. Lakini alipoleta daftari lenye alama nzuri, nililisifu kwanza, kisha nikatoka nje nikasimama peke yangu uani. Shule ilikuwa yake. Sasa na baiskeli nayo?

Kesho yake alasiri, Mwanaisha akiwa chuoni akisoma Kurani na Khala akiwa kalala, nilichukua kile kisu butu cha kukatia unga wa mahamri. Nikapiga magoti nyuma ya baiskeli. Nilikuwa naijua skrubu ipi. Sikutaka kuvunja kitu. Nilitaka ilie tena kidogo, watu waone kwamba sikio lenyewe si sikio, na mimi ndiye niitengeneze. Kisu kiliteleza mara mbili kikachuna chuma. Niliufungua mlango ule mizunguko miwili mizima.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa napanda kichochoro cha kutoka upande wa bandari ya zamani kwenda Kibokoni, kapu nyuma, nikatia gia nyepesi. Cheni ilipanda, ikapita duara la mwisho la meno, ikaingia kwenye spoki. Nilisikia mkono wa gia ukikunjika kama kijiko. Mimi chini, kapu chini, na kunguru wa Mombasa, ambao sijui hulala saa ngapi, walikuwa wameshafika.

Nilirudi nyumbani nikiisukuma. Mwanaisha alikuwa mlangoni na begi lake. Alitazama gurudumu, uso ukambadilika.

"Kaka, ni mimi? Nilizungusha sana?"

Ilitosha kusema hapana. Nikasema, "Labda."

Khala hakumlaumu mtoto. Alimlaumu fundi, akatuburuta sisi wawili hadi Kuze akamfokea mbele ya watu wote, ni mtu gani anayempa mtoto wa shule bisbisi. Fundi Kombo akaweka koleo chini. Alichuchumaa, akaitazama skrubu. Bisbisi yake ilikuwa nyembamba. Alama iliyokuwa pale ilikuwa pana, na pembeni chuma kimechunwa. Kwenye ufa wa skrubu kulikuwa na kipunje cha unga mkavu. Akakitoa kwa ukucha. Akanitazama, si kwa muda mrefu.

"Kosa langu, mama," akasema. "Sikuikagua."

Aliutoa mkono wa gia uliokunjika, akaikata cheni, akaifunga kwenye duara moja tu la meno, lile la katikati, ikabaki gia moja. Mimi nilishika tandiko. Hakutaka malipo. Mwishowe akaniwekea mkononi ule mkono uliovunjika, kama desturi yake, na vidole vyake vikavibana vyangu kidogo.

Nilipeleka mahamri kwa gia moja miaka minane, mvua na jua, na sikuchelewa mara ya tatu. Khala naye aliwaambia wachukuzi wote wa Majengo wasiende kwa Kombo. Nilimsikia akisema, nikanyamaza. Nilipopata ujasiri wa kwenda Kuze, kibaraza kilikuwa kinauza kofia, na mwenye kofia hakujua fundi alihamia wapi.

Siku hizi mimi mwenyewe ni fundi, barazani, machoni pa watu. Vyuma vikuukuu nawarudishia wenyewe, nao huniita mwaminifu. Na nimejua kitu ambacho kichwa changu cha miaka kumi na mitano hakikukifikia: gia haisikiki kama anayeshika baiskeli anatikisika. Fundi Kombo alikuwa akimtukana mtu aliyemwamini, ndivyo alivyowatania watu wake, na yale mabega yalikuwa sifa.

Mwezi uliopita Mwanaisha aliniletea baiskeli ya binti yake. Ni mwalimu sasa, ana heshima zake. Mtoto alinyoosha mkono kwenye bisbisi, mama yake akamzuia.

"Iache, mwanangu. Mie niliwahi kuharibu moja, kaka yangu akaendesha gia moja miaka minane kwa ajili yangu."

Nilifungua mdomo. Mtoto alikuwa ananitazama, na mama yake ananitazama. Nikampa mtoto bisbisi.

"Robo tu," nikamwambia, "si nusu."

Baiskeli niliishika mimi, kwa tandiko, bila kutikisika, na neno lenyewe bado ninalo mdomoni.