Pilau ya Ukweni

Leo nimegundua kwamba najua kupika pilau ya watu wanne tu.

Wiki nzima nimejitapa kwamba pilau ya shughuli ya ukweni Kisarawe waniachie mimi.

Nafika uani, nakuta sufuria naweza kuogea ndani. 😳
Maji niweke kiasi gani? Nyumbani kwangu Sofu napimia kikombe!

Nikamfuata mama mkwe.
"Mama, sufuria kubwa siiwezi."

Akanivuta pembeni, akanong'ona:
"Afadhali umesema, mwanangu. Na mimi siiwezi. Huwa napikiwa na jirani."

Jirani kaitwa. Sisi wawili tumepewa vitunguu swaumu tumenye, na tunamenya kwa kujiamini kweli kweli. 😂

Haya, na wewe unajitapa nini usichokiweza? Semeni, mama mkwe anachungulia simu hapa, asijione yuko peke yake.