Siku Niliyoipaka Injini Mafuta ya Mama Mkwe

Jambo hili nimelificha miaka minne, na kulificha kwenyewe ni kazi bure maana Mtae wanalijua wote na Lukozi wanalijua nusu, ila nyie rafiki zangu nataka mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu atakayeongeza chumvi (ingawa sidhani kama imebaki nafasi ya chumvi). Basi ni hivi: niliikaanga injini ya gari langu. Niliikaanga kwa mafuta ya alizeti, na mama mkwe wangu akiwa amekaa kiti cha nyuma.

Mnanijua mimi ni fundi cherehani pale Lushoto mjini, na ugonjwa wangu mnaujua, kwamba siwezi kuona kitu kimekunjamana nikakiacha, lazima nikipige pasi. Gari langu lile dogo jeupe nalo nililitunza hivyohivyo, viti nimevishonea vitambaa mwenyewe, mpaka usukani una koti. Lakini boneti sikuwahi kulifungua kwa nia ya usafi hata siku moja. Nilikuwa nalifungua kuangalia maji na oili, nafumba jicho moja, nafunga.

Sasa mke wangu Zaina ana bibi yake, mama mzaa mama, aliyezaliwa Mtae kule juu kabisa ukingoni mwa milima. Bibi alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, la kulia linapungua kila mwezi, na daktari alisema wazi kwamba linaloondoka halirudi. Bibi hakulia. Alisema tu, "Nipelekeni Mtae nikaione nyika mara moja, kisha liende." Akaniangalia mimi kwa kile kijicho kilichobaki. "Mume wangu, si una gari?" (Mimi ni mume wa mjukuu wake, kwa hiyo kwake ni mume, na masihara yote ruksa.)

Masihara hayo kwa mama mkwe hayapo. Kwetu mkwe ni mkwe. Miaka mitatu ya ndoa mama yule hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja, na mimi sikuwahi kumtazama usoni. Akija nyumbani, mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake, atasema, "Zaina, mwambie mwenzio chai inapoa." Na mimi namjibu Zaina. Si kwamba tuligombana, ndiyo heshima yenyewe, na ilikuwa nzito kiasi kwamba akiingia mlango huu mimi natafuta mwingine. Sasa mama huyo ndiye aliyesema ataongozana na bibi, yaani apande gari langu kwa mara ya kwanza, saa tatu nzima za makorongo.

Usiku wa Alhamisi, safari ikiwa Jumamosi, sikulala vizuri, nikiwaza jambo dogo tu. Ukifika Mtae, gari limepanda limechoka, ni lazima ufungue boneti injini ipumue, na ukishafungua tu wazee wanasogea, mikono nyuma, wanachungulia. Hawasemi kitu, wanachungulia na kuguna. Na hao ni wajomba wa mama mkwe. Nikajiambia, aa, hawataikuta injini yangu imevaa matope.

Ijumaa baada ya swala nikaanza. Na niwaambie ukweli, nilifanya vizuri, mtu asije akasema sijui kazi. Injini imepoa, nimechomoa waya wa betri, nimefunika nyaya na mdomo wa hewa kwa nailoni, nikapaka mafuta ya taa kwa brashi ya viatu, kwenye kona nikaingia na mswaki, kisha maji ya sabuni, kisha nikasuuza kwa kopo taratibu, sikumwaga kama mtu anayezima moto. Udongo mwekundu ulitoka mabonge. Yalitoka majani makavu, maganda ya karanga aliyoyaweka panya akiba, na kipande cha barabara ya Mlalo nadhani. Chini yake, jamani! Kumbe injini ina rangi! Mfuniko wa hewa kumbe ni wa fedha, bomba kumbe ni nyeusi tii, na kuna maandishi ambayo sikuwahi kuyaona. Nilisimama pale na kopo mkononi nikishangaa kwamba kitu kizuri hivi kilikuwa kinanibeba miaka yote na mimi nakifumbia jicho.

Hapo ndipo ningeingia ndani nikalala. Lakini zile bomba za mpira zilipokauka zikapauka kama miguu ya mtoto ambaye hajapakwa mafuta, na mimi kupauka sikuwezi. Nikaingia jikoni. Mezani palikuwa na dumu la alizeti, sikuuliza la nani, nikamimina kikombe, nikarudi, nikapaka bomba, zikameta. Nikaenda kuongeza kikombe cha pili. Nikapaka nyaya, nikapaka mfuniko wa betri, na kwa kuwa mkono ulishazoea, nikapaka na mkanda wa feni, ndani na nje, nikaung'arisha kwa kitambaa.

Mimi, fundi cherehani! Mtu ambaye kila siku nawaambia wateja wenye cherehani za miguu wasithubutu kuweka mafuta kwenye mkanda, utateleza na gurudumu halitazunguka. Ile akili niliiacha dukani siku hiyo, sijui kwenye kabati gani.

Jumamosi tuliondoka saa moja asubuhi. Bibi mbele kwa sababu ndiye mwenye kuangalia, mama mkwe nyuma yangu ili tusionane, Zaina pembeni yake. Bibi, aliyelala kwetu pamoja na mama mkwe, alikuwa ameamka tangu alfajiri. "Tufike kabla ya adhuhuri," alisema, "ukungu ukishapanda kutoka kule chini, hata mwenye macho mawili haoni kitu."

Tulipoingia msitu wa Magamba, gari likapata moto, harufu ikaanza.

"Mume wangu," bibi akasema, "mbona kunanukia maandazi?"

"Ni kijijini huko, bibi."

"Huku ni msituni."

Nikabadilisha gia. Macho ya mama mkwe niliyahisi kisogoni. Tulipopita Lukozi, sokoni, katikati ya matenga ya kabichi, moshi mweupe ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti na watu wanageuka wakivuta pumzi, na kijana mmoja wa pikipiki akatukimbiza akiniita bwana kwa Kisambaa, "Mghosi, chapati shilingi ngapi?" Mlimani mbele kidogo mkanda ukaanza kulia. Ulilia kama mbuzi aliyefungwa mbali na mwenzake, mlima mzima unaitika, na kwenye dashibodi taa nyekundu ikawaka na mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Nikasimama kando ya kibanda cha chai, nikafungua boneti, nikafuta mkanda kwa leso yangu, nikawasha, ukalia. Nikafuta tena kwa shati la akiba, ukalia zaidi. Saa ilikuwa nne kasoro.

Mnajua huku kwetu mtu hapiti mbele ya mzee bila kusalimia. Kila aliyepita alisogea dirishani kwa bibi, "Shikamoo bibi," "Marahaba mwanangu," wa nyumbani hawajambo, mahindi je, kisha swali, "Gari lina nini?" Na bibi, Mungu amtunze, hakuficha kitu. "Huyu mume wangu ameikaanga." Wakicheka anaongeza, "Kwa alizeti." (Alijuaje ni alizeti mimi sijui, nadhani kwa pua.) Wa pikipiki walisikia, wakaondoka kuelekea Mtae, na habari ikawa imetangulia mbele yetu na miguu yake yenyewe. Mimi niko chini ya boneti, jasho linanitoka kwenye baridi ya Julai, nimewasha tena najaribu, mkanda unapiga kelele, nikaangalia bondeni nikaona ukungu mwembamba umeanza kujikusanya. Hapo aibu ikaniisha, ikaingia hofu. Nilimwona bibi amegeuza lile jicho upande wa Mtae, hacheki tena.

"Zima gari, baba."

Nilidhani ni mama wa kibanda. Nikageuka. Alikuwa mama mkwe, amesimama hatua moja, ananitazama mimi. Nikazima. Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta, mama."

"Ya wapi?"

"Ya... jikoni. Ya kwenye dumu."

"Lile dumu langu ninalompelekea mjomba." Hakuuliza, alisema tu. Kisha akaniuliza pole pole, "Na cherehani yako, mkanda wake huwa unaupaka?"

Ningetamani anitukane. Nikasema, "Hapana, mama." Akasema, "Utoe."

Nikalegeza nati, nikautoa. Yeye alikuwa ameshafika kwenye mafiga ya mama wa kibanda, amechota majivu yaliyopoa kwa kipande cha sahani, amefunga kanga kiunoni. Akachukua mkanda wangu wa feni akausugua kwa majivu na matambara kama anavyosugua sufuria iliyoungua ubwabwa, anageuza, anafuta, anamwaga yale meusi, anachota mengine. Kisha akainama mwenyewe ndani ya boneti, mama mkwe wangu, mtu ambaye nilikuwa namkwepa kwa mlango wa pili, akaingiza mkono mpaka kiwikoni akazisugua puli zote, yale magurudumu yanayopitisha mkanda, moja moja, mkono mwingine ameegemea ule mfuniko wangu wa fedha. Hakuna aliyecheka tena pale. Mama wa kibanda alishika shavu. Mimi nilisimama na spana nikimwangalia, nikasahau kwamba natakiwa kutazama chini, na niliona haya na fahari kwa pamoja, kitu ambacho sijawahi kukipata tena. Maisha yangu yote nimewaona akina mama wakikata mafuta kwa majivu, na bado nilikuwa nafuta kwa leso.

Nikaurudisha mkanda, nikakaza, tukaongeza maji, nikawasha. Kimya. Unazunguka tu.

Tulifika Mtae saa tano na nusu. Sikuzima hata vizuri, Zaina alishamshusha bibi, tukamshika huku na huku mpaka pale ukingoni ambapo mlima unakatika. Ukungu ulikuwa chini kidogo ya miguu yetu, unapanda, lakini juu yake nyika yote ilikuwa wazi, kahawia, pana, inaenda mpaka unachoka kuifuata, na milima ya Pare pembeni. Mimi nimefika pale mara nyingi na kila mara najiona mdogo. Bibi alilipitisha lile jicho taratibu, upande mmoja mpaka mwingine. Kisha akanyoosha kidole. "Kule baba yangu alikuwa akishuka kununua chumvi. Naiona njia." Sidhani kama aliiona njia, ni mbali mno, lakini alilia, na mama mkwe akalia, nami nikageuka nikajifanya naangalia gari. Baada ya robo saa ukungu ukafunika kila kitu.

Kwenye gari wazee walikuwa wameshajaa, mikono nyuma. Boneti wamefungua wenyewe. Injini yangu ilikuwa majivu matupu, tope la majivu na alizeti, na juu ya mfuniko wa fedha alama ya kiganja na vidole vitano. Mmoja akaguna, "Ndiye huyu mpishi?" Wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Mwingine akauliza, "Na fundi wako ni nani?" Nikatazama chini. Mama mkwe akajibu nyuma yangu, "Mimi."

Bibi sasa haoni kabisa. Tukimtembelea anatueleza nyika ilivyokuwa siku ile, na kila mara ni pana zaidi. Injini bado naisafisha, kwa kitambaa kikavu, sing'arishi kitu, na kile kiganja nakizunguka sikigusi. Kijana mmoja wa kuosha magari alitaka kukifuta nikamzuia kwa sauti mpaka akaogopa.

Na mama mkwe akija kwetu haniambii tena kupitia kwa Zaina. Anashusha mizigo, ananitazama usoni, anasema, "Baba, mafuta yangu nimeyaweka jikoni. Yaache hukohuko."