Mfukuza Ndege wa Buterere

Watu wa Buterere, mtaa wetu wa kando ya uwanja wa ndege, walimwita Injinia, na wengi walidhani ni utani, kwa kuwa walimjua kama fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Haukuwa utani. Mwaka 1986, akiwa kijana wa miaka ishirini, Herménégilde alipelekwa na serikali kwenye nchi moja ya baridi iliyokuwa rafiki yetu wakati ule. Alisoma huko miaka minne, somo lake likiwa injini za ndege za kivita. Alijifunza lugha yao, akazoea mkate wao mweusi, akarudi na cheti chenye muhuri mwekundu. Ndege zenyewe hakuzikuta. Ziliahidiwa, hazikuja. Mwaka 1993 vita vikaanza, kikosi chake kidogo kikapunguzwa watu, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa warudi nyumbani.

Miaka thelathini iliyofuata alisikiliza injini za dizeli. Mimi ni jirani yake, na mashine yangu ya kukobolea ndiyo iliyokuwa mgonjwa wake wa kudumu. Hakufungua kitu kabla ya kusikiliza. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akaniambia: "Washa." Kisha: "Zima." Alipenda zaidi ule wakati wa kuzima. Alisema injini ikipiga kelele yaweza kukudanganya, ila ikiwa inakufa huwezi kulikataa neno lake.

Mwaka juzi redio ikatangaza kwamba nchi ile ile imetupa msaada wa ndege nne za kivita. Zililetwa vipande vipande ndani ya ndege kubwa za mizigo, zikaunganishwa kwenye banda jipya la uwanja wa ndege, ng'ambo ya mashamba yetu ya mpunga. Siku ya kwanza moja yao iliporuka, mabati ya nyumba zetu yalitetemeka na watoto wa shule wakatoka nje wakipiga makofi. Herménégilde alikuwa ameketi mlangoni kwangu. Alisimama, akavua kofia.

Kesho yake alivaa suti yake ya harusi, akatia cheti ndani ya bahasha, akaenda uwanjani kujitambulisha kwa wanajeshi. Alienda mara sita. Mara ya sita meja mmoja alimpokea, akakisoma cheti mbele na nyuma, akamweleza hali ilivyo. Mkataba wa msaada unasema hakuna mtu wa hapa atakayeigusa injini. Injini ni za wageni, na mafundi wao wamekuja nazo.

"Lakini kuna kazi moja," meja alisema. "Hizi mashamba zenu zinaleta ndege wengi sana. Yangeyange, korongo wa jalala, kila kitu. Tunataka mutu wa kuwafukuza kwenye njia ya kurukia."

Mkewe, Concilie, alipoisikia kazi hiyo alicheka, mpaka alipoona uso wa mumewe.

"Utaikubali?" aliuliza.

"Nitakuwa karibu nazo," akajibu.

Wakampa firimbi, bendera nyekundu na koti la rangi ya machungwa. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika, mtu wa miaka hamsini na minane anayekimbia kwenye nyasi nyuma ya yangeyange. Vijana wa mtaani walimwona kupitia uzio wakampigia miluzi. Yeye hakujali, au alituambia hivyo. Ndege zile zilikuwa zikirudi kuegeshwa hatua mia mbili kutoka kwenye kibanda chake, na hapo alizisikiliza zikizimwa.

Miongoni mwa marubani wetu waliopelekwa kujifunza ng'ambo, mmoja aliitwa Hugues, mzaliwa wa mtaa wa Ruziba, kapteni wa miaka thelathini na mmoja. Huyo hakumpita mtu bila salamu. Kila asubuhi alikuwa akisimamisha pikipiki yake karibu na kibanda.

"Injinia, ndege wameamuka?"

"Zamani. Lakini mi niliamuka mbele yao."

Siku moja Hugues alimkuta anasoma maandishi ya kigeni yaliyopigwa kwenye kasha tupu la vipuri, akashangaa. Herménégilde akamsimulia maisha yake. Tangu siku hiyo kijana alikuwa anashuka kwenye pikipiki kabla ya kumsalimia.

Mwezi wa tano ukaja mpango wa kukata mpunga wote ulio karibu na uzio, ili ndege wakose chakula. Shamba la Concilie lilikuwa humo, nalo ndilo lililokuwa likiwalisha. Herménégilde akaenda kwa meja kuomba shamba hilo liachwe mpaka livunwe. Meja akakubali. Majirani wawili walikatiwa mpunga wao ungali kijani. Wa Concilie ukabaki umesimama peke yake, na majirani hao hawakutusalimia tena, hata mimi niliyekuwa rafiki yake tu.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ya taifa, ambapo ndege zote nne zilipangwa kupita juu ya wageni wa heshima, Herménégilde akasikia jambo. Kwenye ndege tatu, rubani akizima, mapanga ya ndani ya injini yaliendelea kuzunguka yenyewe kwa dakika moja na nusu hivi, yakipungua polepole hadi yanasimama. Ya ile yenye namba tatu yalisimama baada ya sekunde hamsini. Akadhani amekosea kuhesabu. Kesho yake akaja na saa ya mkononi. Hamsini. Siku ya nne, arobaini na nne, na mwishoni kukawa na mkwaruzo kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Yote aliyaandika kwenye daftari. Siku ya tisa zilikuwa sekunde thelathini na nane.

Alimwendea fundi mkuu wa wageni, akamwambia kwa lugha yao kwamba beringi ya namba tatu, ile inayobeba mhimili wa injini ili uzunguke, inakufa. Mgeni alifurahi sana kusikia lugha yake kwenye mdomo wa mzee mwenye firimbi. Akamuuliza alisoma mji gani, akampa sigara, akamwambia kwamba namba ya ndege hiyo imeshaandikwa kwenye ratiba ya sikukuu, na kwamba ndege wa kushughulikiwa na yeye ni wale wenye manyoya.

Akaenda kwa meja na daftari lake. Meja hakulifungua.

"Muzee, hapa tulikupa firimbi. Ukitaka kusikiliza injini, rudi kwenye mashine za mpunga. Wale watu wametusaidia, we unataka kuwaambia wametupa kitu kibovu? Mbele ya sikukuu?" Kisha akashusha sauti. "Ile shamba ya bibi yako tuliacha kwa heshima yako. Usitufanye tubadilike."

Jioni ya kuamkia sikukuu Hugues alipita tena kibandani. Ratiba ya marubani ilikuwa imetoka, na amepewa namba tatu. Alikuwa amenyoa vizuri, amejaa furaha. Mama yake atakuja kutoka Ruziba, alisema, atamwona akiruka kwa mara ya kwanza.

"Muzee, kila kitu iko sawa?"

Huenda aliuliza kuhusu ndege wa porini. Huenda alikuwa ameshapata fununu ya lile daftari. Herménégilde mwenyewe hakuwahi kujua. Mpunga ulikuwa umebakiza siku kumi na nane uvunwe.

"Iko sawa, mwanangu," alisema.

Sikukuu ile sote tulitazama juu. Ndege zilipita mara moja, nne pamoja, watu wakapiga kelele za shangwe. Zilipozunguka upande wa ziwa na kurudi, zilikuwa tatu, na ya nne ilikuwa nyuma, chini, ikivuta moshi. Iliinamia bawa moja ikaanguka kwenye matete upande wa mto Rusizi. Kiti kilimrusha Hugues nje, lakini alikuwa karibu mno na ardhi, na mwamvuli haukupata nafasi ya kufunguka.

Siku mbili baadaye wakubwa wa jeshi walimwita Herménégilde kwenye ofisi yenye feni isiyofanya kazi. Karatasi ilikuwa tayari imepigwa chapa, inahitaji jina lake tu. Ilisema kwamba yangeyange mmoja aliingia ndani ya injini wakati wa kuruka, kwa sababu mfukuza ndege hakuwa mahali pake.

"Nilikuwa mahali pangu tangu saa kumi na moja," alisema. "Ndege akiingia kwenye injini anaacha nyoya, anaacha damu. Munionyeshe nyoya moja."

Hawakumwonyesha. Akakataa kutia sahihi, wakamvua koti la rangi ya machungwa pale pale, na habari ikatangazwa vile vile bila sahihi yake. Sokoni watu walikuwa wakisema ndege kala ndege, na kucheka, kwa kuwa neno lenyewe linachekesha. Wiki hiyo hiyo watu wenye mapanga waliingia kwenye shamba la Concilie wakaufyeka mpunga wote. Masuke yalikuwa yameanza kuwa ya dhahabu. Concilie alisimama njiani na kikapu, akaniambia: "Kumbe hata kunyamaza hakukutusaidia." Wakati huo sikuelewa anazungumzia nini.

Nilielewa mwezi uliofuata, mama yake Hugues alipokuja. Jina lake Amélie, mwalimu wa shule ya msingi huko Ruziba, mwanamke mrefu aliyekuwa amevaa nguo za msiba. Aliuliza njia mpaka akafika kwangu, mchana, mashine ikiwa imefunguliwa na Herménégilde akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"We ndiye uliyekuwa unafukuza ndege?"

"Ni mimi, mama."

"Wanasema ulikuwa umelala."

"Apana. Sikulala. Hakuna ndege aliyeingia mule ndani."

Akamweleza yote: sekunde, mkwaruzo, fundi mgeni na sigara yake, meja na daftari lisilofunguliwa. Amélie alisikiliza kama anayesahihisha insha, macho hayatoki usoni mwake. Mwisho akapumua. Nikaona mabega yake yanashuka, na nikadhani anakaribia kumshukuru.

"Kwa hiyo ulimuambia muzungu," alisema. "Ukamuambia meja. Na mutoto wangu, yeye ulimuambia lini?"

Angeweza kudanganya. Nilikuwapo, na nilitamani adanganye. Angesema hakuonana naye, na mama yule angeondoka akimlaani meja peke yake.

"Aliniuliza jioni ile," Herménégilde alisema. "Nilimuambia iko sawa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya shamba."

Amélie alitazama mpunga uliorundikwa kwenye magunia yangu. Alikaa sasa, polepole, kwenye kiti nilichompa. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakatoka nje wenyewe.

"Andika," alisema. "Kila kitu. Na hicho pia."

Herménégilde aliosha mikono kwa petroli, akaandika kurasa mbili kwa Kifaransa, akataja saa na sekunde za siku zote tisa. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba rubani alimuuliza naye hakumwambia. Akatia sahihi. Amélie akasoma, akasahihisha kosa moja la tahajia kwa kalamu yake, akazikunja, akaenda nazo Rohero, kwenye ofisi za serikali. Walipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yake. Hakuna jibu lililokuja, mwezi wa kwanza wala wa sita.

Kitu kimoja kilikuja. Yule fundi mkuu wa wageni, akikaribia kurudi kwao, alisimamisha gari mbele ya mashine yangu, akazungumza na Herménégilde kwa lugha yao bila kushuka. Alipoondoka nilimuuliza amesema nini.

"Wamebadilisha beringi za zile tatu zilizobaki," alisema. "Eti ninayo masikio mazuri." Alirudi kwenye kazi yake, na spana ikamponyoka mara mbili.

Mwaka ulipotimia, familia ya Hugues ilifanya siku ya kuondoa matanga huko Ruziba. Herménégilde hakualikwa. Alivaa suti yake ya harusi akaenda, nami nikamsindikiza kwa sababu Concilie aliniomba. Turubai lilikuwa limefungwa, kuna vinywaji, kuna wanajeshi vijana wachache waliosoma na marehemu. Amélie alituona tukiingia. Alimwambia mpwa wake atuletee viti, lakini huku nje ya turubai, juani, na hapo tulikaa mpaka saa tisa.

Hotuba zilianza. Mwalimu wake wa zamani alizungumza, kisha padri, kisha rubani mwenzake aliyelia akashindwa kumaliza. Msemaji wa familia akauliza kama yupo mwingine aliyemfahamu Hugues na anayetaka kusema neno.

Herménégilde alisimama. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Amélie, kutoka mstari wa mbele, aligeuka akamtazama, akatikisa kichwa mara moja kumkataza. Herménégilde akakaa. Msemaji akangoja kidogo, hakuona mkono mwingine, akawaomba watu wasimame kwa sala.