Siku Dani Alipokuja Kuingia Thieta

Kama nawe uliwahi kuchomoa muwa kwenye trela linalotembea, ukautafuna mpaka pembe za mdomo zikachubuka, kisha ukafika nyumbani ukaapa kwamba hujaonja kitu tangu asubuhi, basi mimi na wewe ni rika moja na hatuna haja ya kutambulishana. Sisi ndio tuliocheza mchezo wa kati kwa mpira wa karatasi za nailoni, tukala nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ya jana na kuiona tamu kuliko ya leo. Tukichapwa shuleni tulinyamaza, maana ukisema nyumbani unaongezwa. Wanangu nikiwaeleza haya hunitazama kwa huruma, halafu wanarudi kwenye simu zao.

Mwezi uliopita hao hao waliamua kwamba sebule yetu ya hapa Nairobi inahitaji thieta ya nyumbani. Wakaagiza asubuhi. Adhuhuri bodaboda akaleta maboksi, saa nane skrini ikawa ukutani, saa kumi wakaanza kulalamika kwamba besi ni ndogo. Nikawaambia hawajui wanachosema. Yetu kule Awendo ilichukua miaka minne, na haikuisha.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha sukari. Siku moja alinunua misumari sokoni Rongo, wakamfungia kwa ukurasa wa gazeti la Kiingereza. Misumari akaimwaga mezani, ukurasa akaunyoosha kwa kiganja. Palikuwa na picha ya familia ya wazungu wamejilaza kwenye viti nyumbani kwao, mbele yao skrini kubwa kama mlango wa duka, na pazia jekundu pande zote mbili. Baba akasoma maandishi ya juu, akayarudia, kisha akatutangazia kwamba nasi tutajenga thieta ya nyumbani, polepole, kidogo kidogo, mpaka iishe. Ule ukurasa akauweka ndani ya Biblia, na huko ndiko ulikokaa.

Mama alishona nguo sokoni na hakuwa mtu wa kuficha maoni. Alimwambia, "Baba Akinyi, jenga unachotaka, lakini hilo jina libadilishe."

Alikuwa na haki. Kwetu neno thieta lilikuwa na maana moja tu: kile chumba cha hospitali ambamo watu hupasuliwa. Ukisikia fulani ameingizwa thieta, unaanza kuuliza nani atawapikia wale watoto. Lakini Baba alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Gazeti limesema thieta, basi ni thieta.

Na haraka yake ilikuwa na sababu. Mama yake, bibi yetu tuliyemwita Dani, aliishi Sindo kando ya ziwa, na macho yake yalikuwa yakifunikwa na ukungu mwaka hata mwaka. Daktari huko Homa Bay alishamweleza kwamba ukungu ule huondolewa thieta, tena ni kazi ya muda mfupi. Dani alikataa. Dada yake aliwahi kuingia thieta akatoka amefunikwa shuka mpaka kichwani, na hakuna aliyeweza kumwondolea picha hiyo. Mara ya tatu Baba alipombembeleza alimjibu, "Nilizaliwa na macho haya, nitazikwa nayo." Baba akashindwa. Akaona basi, angalau mama yake aone sinema hata mara moja, ndani ya nyumba ya mwanawe, kabla macho hayajafungika kabisa. Kwa hiyo sisi tulikuwa tukijenga kidogo kidogo, na ukungu nao ulikuwa ukijenga kidogo kidogo.

Mwaka wa kwanza tulipata mabenchi. Kazi ilifanyika Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa Sabato na hata nyundo ilipumzika. Benchi la nyuma Baba aliliinua kwa matofali ili wa nyuma nao waone, na ndugu yangu Ouma akaanguka nalo mara mbili kabla hajajua kukaa. Mwaka wa pili ukawa wa pazia. Kwaya ya kanisa ilikuwa imebadilisha majoho, Mama akaomba yale ya zamani, mekundu, akayaunga likatoka pazia la kufunika dirisha lote la mbele, lile la kutazama barabarani. Lilikuwa pazia zuri, ila ukilikaribia sana ulisikia jasho la sauti ya nne.

Mwaka wa tatu Baba alipata spika mbili kutoka kwenye redio iliyokufa. Wenzake kiwandani wakamfundisha kwamba spika ukiitia kwenye mdomo wa mtungi inatoa besi ya kutikisa kifua. Mitungi nyumbani ilikuwa miwili, na yote ilikuwa ya Mama ya maji ya kunywa. Asubuhi Mama aliamka akakuta maji yake kwenye sufuria na mitungi yake imefungwa waya. Hakugomba. Kwa miezi kadhaa Baba akiomba maji aliletewa ya vuguvugu, na akiuliza aliambiwa, "Yale ya baridi yako thieta, yanaimba."

Antena ilipanda juu ya paa mwaka huo huo, wakati televisheni yenyewe hatuna. Majirani walipoiona wakaanza kuja jioni wakiwa wameoga. Baba akasema hakuna kitu kinachopotea, tuwatumie kufanya mazoezi ya kutazama. Naapa ni kweli. Tulikaa kwa kufuata kimo, wafupi mbele, tukatazama pazia la kwaya nusu saa nzima bila kuongea wala kwenda msalani. Mimi nilikata tiketi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Baba, amevaa koti lake la kijivu la karakana, alisimama nyuma ya pazia akasoma taarifa ya habari kutoka gazeti la wiki iliyopita, kisha akatuuliza kama sauti inafika benchi la nyuma. Siku hizi watoto wana chaneli mia tatu na wanasema hakuna cha kutazama. Sisi tulikuwa na pazia moja na hatukutaka kwenda kulala.

Mwaka wa nne televisheni ikaja. Mwalimu mmoja alipewa uhamisho akaiuza, nyeusi na nyeupe, kioo chake kidogo kuliko sinia ya chai. Baba akabandika juu ya kioo ile karatasi ya plastiki ya rangi, buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini, tukawa na televisheni ya rangi. Umeme haukuwepo, kwa hiyo akatafuta betri ya gari, akawa anaibeba kwa baiskeli kwenda kuichaji kwenye mashine ya kusaga unga. Tindikali ikala suruali yake ya kanisani sehemu ya kukalia, na Mama akashona kiraka bila kusema neno. Alikuwa ameshachoka kusema.

Ndipo Baba akatuma ujumbe Sindo. Kulikuwa na mama mmoja aliyechukua omena, wale dagaa wa ziwani, kule na kuja kuziuza Awendo, sisi tulimwita Mama Omena, na yeye ndiye aliyekuwa posta yetu. Baba akamwambia, "Mwambie mama yangu thieta iko tayari hapa nyumbani. Namngoja yeye tu, Jumapili ijayo, saa tisa." Mama Omena akaitazama nyumba, akamtazama Baba, akauliza kama ana hakika. Baba akamwambia amejiandaa miaka minne.

Jumapili hiyo Dani alifika akisindikizwa na Mama Omena, amevaa gauni jeupe ambalo tulijua ameliweka kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Hakutaka chai. Hakutaka hata maji. Alitusalimia wajukuu mmoja mmoja, kwa kutupapasa uso, akitutajia majina kamili na ya ubatizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama akamuuliza kulikoni, akajibu kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana mchana, kama inavyotakiwa.

Baba hakusikia. Alikuwa ndani anahangaika na waya. Dani akaingia, akanusa, akapapasa benchi la mbele, akavua viatu na kulala chali. Kisha akafungua kikapu chake. Mnakumbuka miaka ile, ukienda hospitali unabeba vyako. Akatoa pamba, akatoa glavu, akatoa wembe mpya ungali kwenye karatasi yake, akavipanga kifuani. Baba akageuka amevaa lile koti la karakana, tochi mkono mmoja, koleo mkono wa pili.

"Owuor, nyathina, mwanangu," Dani akamwambia, kwa sauti ya upole ambayo sijaisahau, "anza na la kushoto. Hilo ndilo baya zaidi. Na kama mkono utakutetemeka, mama yako amekusamehe."

Koleo likaanguka. Mama akatoka nje mbio, tukamsikia kule kwenye ndizi akicheka mpaka akakaa chini. Nasi tukaangua. Mama Omena akaanza kujitetea kwamba yeye alisema alivyoambiwa. Baba akapiga magoti kando ya benchi akaeleza habari ya gazeti, ya wazungu na ya pazia. Dani hakucheka hata kidogo.

"Kuku wangu nimegawa," akasema. "Wote. Hata yule jogoo."

Baba akaiwasha televisheni. Mitungi ikanguruma, kioo kikaangaza, na zikaja chenga, nyeupe na nyeusi, zinachemka kama uji. Baba akamtuma Ouma juu ya paa kuzungusha antena. Chenga zikaongezeka. Dani aliinuka kitako, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Yawa," akasema. "Hivi ndivyo ninavyoona kila siku. Owuor, umeununua ugonjwa wangu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba alirudi kukaa benchi la nyuma, akafunika uso kwa lile koti, na nikamwona analia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa nimejua kwamba baba hulia. Niliumia sana, na nilimwonea aibu, na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

Mama ndiye aliyeokoa jahazi. Aliingia akijifuta macho, akavikusanya vile vitu vilivyokuwa benchini. "Dani," akasema, "pamba unayo. Wembe unao. Njaa unayo, na umeshasamehe watu. Homa Bay si mbali."

Dani akalikunja gauni lake jeupe magotini. Tulijua anamwona dada yake na ile shuka. Kisha akauliza, taratibu, "Nikirudi Sindo na macho haya haya, wale waliochukua kuku nitawaambia nini?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mapenzi ya mwanawe hayakumtoa, maneno ya daktari hayakumtoa, wakamtoa kuku. Jumanne asubuhi nilimwona Baba akiifunga televisheni kwenye karia ya baiskeli, na betri pembeni. Iliishia kwenye hoteli moja ya chai kule Rongo, na pesa zake zikaishia hospitali ya Homa Bay. Miaka minne ilitoka mlangoni kwetu kwa dakika tano, na Baba alikuwa akipiga mluzi.

Dani alirudi baada ya wiki kadhaa, jicho la kushoto limefunguka, amevaa miwani minene kama kitako cha chupa. Akamtazama Baba kwanza. "Mbona umezeeka hivi?" akauliza. Akamsifu Mama kwa pazia. Kisha akaenda moja kwa moja benchi la mbele akakaa, akasema sasa yuko tayari, thieta ifunguliwe.

Baba alitutazama, tukatazama chini. Akaenda ndani akavaa koti la karakana, akarudi, akasimama kando ya dirisha kama tulivyofanya mazoezi. Akalivuta pazia.

Huko nje barabara ilikuwa imejaa jua la alasiri. Akapita mwanamke na mzigo wa kuni, akapita mbuzi akifuatwa na mwenyewe, likaja trekta na trela mbili za miwa, vumbi nyuma, na watoto wakikimbia ndani ya vumbi. Dani alishika magoti kwa mikono yote miwili. Alitusimulia kila kitu kana kwamba sisi ndio vipofu: rangi ya leso, mguu mbovu wa mbuzi, jani la muwa lililoanguka.

"Na yule anayening'inia nyuma ya trela," akasema, "yule si Ouma wetu?"

Alikuwa Ouma, aliyekuwa ameapa Jumamosi iliyotangulia, mbele ya kanisa, kwamba ameacha kudandia trela. Alichapwa jioni ile ile. Mpaka leo husema yeye ndiye mwigizaji pekee aliyewahi kuonyeshwa katika thieta yetu. Na Dani alikaa kwetu mwezi mzima, kila siku saa tisa, benchi la mbele, hataki kukosa.

Sasa ninayo skrini pana kuliko lile dirisha, na sauti inatoka kila upande wa chumba. Wanangu wanakaa mbele yake, kila mmoja ameinamia kioo chake kidogo, na picha ile kubwa inajichezea yenyewe. Jumapili moja niliwaambia tuizime tufungue dirisha tutazame barabara. Waliniuliza kama niko sawa.

Halafu juzi Mama akapiga simu kutoka Awendo. Baba sasa ni mzee, amekwaruza ukuta kwa baiskeli mara mbili, na daktari amesema ni ukungu ule ule wa Dani. Lazima aingie thieta. Amekataa. Eti alizaliwa na macho hayo.

Nikaomba apewe simu. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za Sabato na za mvua, kisha nikamwambia, "Baba, njoo Nairobi. Nimejenga thieta hapa nyumbani. Nakungoja wewe tu."

Nikasikia trekta likipita kule kwake, na trela zake zote mbili.

"Akinyi," akasema Baba, "kwa hiyo nigawe kuku?"

"Gawa, Baba," nikamwambia. "Hata jogoo."